Abraham Lincoln: Alikataa vita, hakuwaacha askari



Mtu akiona ya kama wakubwa wa inchi wamekosa kwa kuanzisha vita, afanye nini juu ya kijana aliyekwisha kutumwa kule na bunduki begani? Amlaani pamoja na waliomtuma? Ao anyamaze juu ya kosa kusudi asimvunje moyo? Leo tunawasimulia maisha ya mtu aliyepita katika njia hiyo nyembamba.

Abraham Lincoln alizaliwa tarehe 12 Februari 1809 katika Kentucky, inchi ya Marekani, ndani ya nyumba ya miti yenye chumba kimoja. Baba yake alikuwa mkulima. Mama yake alikufa mwaka wa 1818, mtoto akiwa na miaka 9. Siku alizoketi darasani, ukizihesabu zote, hazitimizi mwaka mmoja. Alipasua miti, aliuza dukani, akajisomea sheria mpaka akawa avoka mwaka wa 1836. Maisha ya askari aliyajua pia, maana mwaka wa 1832 alijitolea katika vita vifupi vya Illinois, na wenzake wakamchagua kuwa kapiteni wao.

Mwezi wa Mei 1846, Raisi James Polk aliomba Bunge litangaze vita juu ya Meksiko. Alisema askari wa Meksiko wamemwaga damu ya Wamarekani katika udongo wa Marekani. Lakini udongo ule, kati ya mto Nueces na mto Rio Grande, ulikuwa na mabishano. Meksiko nayo ilisema ni wake. Vijana wengi wa Illinois walikwenda. Edward Baker, rafiki ambaye Lincoln alimpa mtoto wake jina lake, aliongoza kikosi. John Hardin, aliyekuwa mbunge wa sehemu ile zamani, aliuawa kule Buena Vista mwezi wa Februari 1847. Kwa Lincoln, askari hawakuwa hesabu ya gazeti tu. Walikuwa majirani.

Aliingia Bungeni mwezi wa Desemba 1847. Tarehe 22 ya mwezi ule alimtaka Raisi aonyeshe mahali penyewe damu ya kwanza ilipomwagika, na kama watu wa pale walikuwa kweli chini ya serikali ya Marekani. Alikumbusha ya kama wakaaji wa kule walikimbia mbele ya jeshi la Marekani, wakaacha nyumba na mimea yao shambani. Sisi tuliokwisha kuacha mashamba juu ya milio ya bunduki tunaelewa neno hilo bila mwalimu.

Tarehe 3 Januari 1848, Bunge lilitengeneza maneno ya kumshukuru Jenerali Taylor kwa kazi ya jeshi lake. Mbunge mmoja aliomba waongeze ya kama Raisi alianzisha vita vile bila lazima na kinyume cha sheria kubwa ya inchi. Lincoln alikubali pamoja na wengine. Walikuwa 85 juu ya 81. Hivi shukrani kwa askari na lawama kwa Raisi zilikaa katika karatasi moja.

Lakini kila mara walipoomba feza za kulipa askari, ao mashamba ya kuwapa, Lincoln alikubali. Askari hakukata shauri la vita. Ukimnyima chakula, njaa inamuua yeye. Aliyemtuma anakula nyumbani.

Bei yake ilikuwa kali. Katika Illinois walimwita adui wa inchi yake. Hata mwenzake wa kazi ya sheria alimwandikia kwamba anajiharibia. Lincoln alimjibu ya kama hawezi kukubali uongo kwa kura yake. Vita viliisha mwaka ule wa 1848. Askari wa Marekani karibu 13,000 walikuwa wamekufa, wengi wao kwa magonjwa. Miaka 10 baadaye, mwaka wa 1858, wapinzani walikuwa wangali wanasema aliwanyima askari msaada. Akasimama mbele ya makutano katika Charleston, Illinois, akamvuta mbele mbunge wa zamani wa chama kingine, Orlando Ficklin, awe shahidi wa kura zake.

Mwaka wa 1861 alikuwa Raisi, na vita vikubwa vya wenyewe kwa wenyewe vilianguka mikononi mwake. Mamia ya maelfu walikufa. Sasa ni yeye aliyetuma vijana, na wengine walimlaumu. Tarehe 3 Machi 1865 alitia sahihi sheria ya kuwajengea makao askari waliolemaa. Kesho yake, akianza muhula wa pili, aliomba watu watunze waliojeruhiwa, wajane na yatima. Tarehe 14 Aprili alipigwa risasi. Akafa asubuhi iliyofuata.

Wapendwa, katika jamaa zetu kuna waliotoa mtoto kwa jeshi, na kuna waliokimbia jeshi. Tusiogope kumwambia mkubwa ya kama amekosa. Na siku tunapomwambia hivyo, mke wa askari asilale njaa jirani na sisi.

Amani ikae nanyi.