Baruch Blumberg: tabibu aliyefichua virusi vya homa ya ini B

KIGALI – Kila tarehe 28 Julai, Rwanda huungana na mataifa mengine kuadhimisha Siku ya Homa ya Ini Duniani. Ni siku aliyozaliwa Baruch Blumberg, mwaka 1925, mjini New York, Marekani. Wazazi wanaopeleka watoto kuchanjwa katika vituo vya afya vya Kigali hunufaika na kazi yake, ingawa wengi hawajapata kulisikia jina lake.

Blumberg alisoma fizikia na hisabati kabla ya kugeukia udaktari. Akiwa bado mwanafunzi alifanya kazi Surinam, Amerika ya Kusini, ambako aliona kuwa wakazi wa asili mbalimbali hawakuambukizwa matende kwa kiwango kimoja. Swali la kwa nini mmoja augue na mwenzake asalimike halikumtoka tena. Alizunguka nchi nyingi, Nigeria ikiwamo, akikusanya sampuli za damu.

Katika miaka ya 1960, yeye na wenzake waligundua kuwa damu ya mgonjwa wa New York, aliyekwisha kuongezewa damu mara nyingi, ilipambana na chembe ngeni iliyokuwa katika damu ya mwenyeji wa asili wa Australia. Hawakuwa wakitafuta homa ya ini. Mwaka 1967, fundi wa maabara yao alijihisi mgonjwa, akapima damu yake mwenyewe na kuikuta chembe ileile. Baadaye akaingiwa na umanjano. Chembe hiyo ilikuwa sehemu ya virusi vya homa ya ini B.

Tangu hapo ikawezekana kupima damu kabla ya kumwongezea mgonjwa. Mwaka 1969, Blumberg na Irving Millman walibuni njia ya kutengeneza chanjo. Alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1976, na chanjo ikaidhinishwa Marekani mwaka 1981. Kwa kuwa virusi hivyo husababisha saratani ya ini, chanjo hiyo huzuia pia saratani. Blumberg alifariki tarehe 5 Aprili 2011, akiwa na miaka 85.

Rwanda iliingiza kinga hiyo mwaka 2002 katika chanjo ya magonjwa matano, ambayo mtoto hupewa akiwa na wiki 6, 10 na 14. Waliozaliwa kabla ya hapo wengi walikua bila kinga hiyo, na mtu aweza kubeba virusi miaka mingi bila dalili huku ini likiharibika. Hivyo ni busara kupimwa, hasa kwa mama mjamzito. Asiyeambukizwa achanjwe, wembe na sindano visitumiwe na zaidi ya mtu mmoja, na kondomu itumike. Anayekutwa na virusi hana sababu ya kukata tamaa: zipo dawa za kuvidhibiti.