Titian, mchoraji aliyehuisha ngano za Wagiriki

TIZIANO Vecellio, anayejulikana zaidi kama Titian, alizaliwa Pieve di Cadore, kaskazini mwa Italia, mwishoni mwa karne ya 15. Akiwa bado mtoto alipelekwa Venice kujifunza uchoraji, na huko akainukia kuwa mchoraji mkuu wa mji huo.

Mbali na picha za makanisa, alivuma kwa kuchora ngano za Wagiriki wa kale kama zilivyosimuliwa na Ovid, mshairi wa Kirumi. Kuanzia miaka ya 1550 hadi 1562 alimchorea Philip wa Pili, aliyetawazwa Mfalme wa Uhispania mwaka 1556, picha sita za aina hiyo.

Mojawapo yahusu Actaeon, mwindaji aliyemfumania mungu wa kike Diana akioga msituni. Hakukusudia kosa, lakini Diana alimgeuza kulungu, akararuliwa na mbwa wake mwenyewe. Titian alichora dakika iliyotangulia adhabu: pazia limefunguka, na juu ya nguzo kuna fuvu la kulungu, ishara ya yatakayomfika.

Mauti yenyewe aliyachora katika picha nyingine, ambayo haikumfikia mfalme. Titian alifariki Agosti 27, 1576, tauni ikiangamiza Venice. Mwanawe Orazio, aliyekuwa msaidizi wake, alifariki mwaka uo huo.

Mnamo 2009, picha ya Diana na Actaeon ilinunuliwa kwa Pauni 50 milioni na majumba ya sanaa ya London na Edinburgh, ili isiuzwe ng'ambo.