Mwenda wa Bayeke: gita moja iliyosikika kama mbili

Mutu akisikia Masanga kwa mara ya kwanza, anafikiri wapiga gita ni wawili. Sauti moja inatembea chini kwenye nyuzi nene, ingine inacheza juu. Kumbe ni mutu mumoja tu na vidole viwili: kidole gumba na kile kinachofuata. Mutu huyo ni Mwenda Jean-Bosco.

Alizaliwa mwaka wa 1930 kule Bunkeya, muji wa mfalme Msiri. Njo sababu anaitwa pia Mwenda wa Bayeke. Wakati ule miji ya migodi ya Katanga ilikuwa inakusanya watu wa makabila mengi, na Kiswahili kilikuwa luga ya kusikilizana. Mwenda aliimba mu luga ile. Alichota kwenye muziki wa nyumbani, kwenye nyimbo za Cuba zilizofika na santuri, hata kwenye sinema za kawboi.

Mwaka wa 1952, Muingereza Hugh Tracey, aliyekuwa anazunguka Afrika na mashini ya kurekodi, alimukuta mu barabara ya Jadotville, ni kusema Likasi ya leo. Mwenda alikuwa na miaka 22 hivi. Akamurekodi. Santuri zikatoka Afrika Kusini kwa Gallotone, zikatangulia kufika kwenye mwenyewe hajafika.

Hakutembea peke yake. Ndugu yake Édouard Masengo, kijana wa kikundi JECOKE, wale wachekeshaji wa komini Kenya, alipiga na kurekodi pamoja naye. Wote wawili walifika Nairobi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Mwenda alikaa kule kwa muda, akawa na kipindi chake kwenye redio na kutangaza dawa ya Aspro. Wapiga gita wengi wa Kenya walijifunza kwa kumusikiliza tu.

Kiisha wasomi wakaamuka. Mwaka wa 1961 David Rycroft alianza kuandika mu gazeti African Music namna vidole vya Mwenda vilivyokuwa vinatembea, noti kwa noti. Mwaka wa 1969 Mwenda alipiga Newport, kwenye sherehe kubwa ya muziki kule Marekani. Mwaka wa 1979 Muingereza John Low, mupiga gita, alifunga safari mupaka Lubumbashi kutafuta mutindo ule kwa wenyewe, na mwaka wa 1982 akatosha kitabu, Shaba Diary. Mwaka wa 1988 Mwenda alirekodi tena, mara hii Cape Town. Miaka miwili nyuma yake, Septemba 1990, ajali ya gari ikamuondoa.

Hapo njo pana kilio. Mutu wa Ulaya anaweza kufungua kitabu na kujifunza Masanga hatua kwa hatua. Mwanafunzi anayepita kila siku kwenye barabara ya Kasapa anaweza kumaliza masomo yake pasipo kumusikia Mwenda hata mara moja. Na wimbo ule uko mu Kiswahili chake, ulizaliwa mu jimbo lake.

Low hakutosheka na santuri. Alikuja kukaa karibu na mwenye vidole. Wazee wanaokumbuka mutindo ule wanapunguka kila mwaka. Kijana mwenye gita asingoje kitabu kirudi kutoka Ulaya: aanze na muzee wa avenue yake, mbele nafasi haijapita.