Vygotsky: Mwalimu aliyempima mtoto kwa kesho yake

Leo nakuletea maisha ya Lev Vygotsky, mwanasaikolojia aliyefariki dunia mwaka 1934 akiwa na umri wa miaka 37 tu. Sisi tuliosoma uhamishoni tunayo sababu ya kumfahamu. Swali lililomshughulisha ndilo linalotukabili hadi leo: mtoto akishindwa mtihani, je, hana akili au amekosa wa kumshika mkono?

Vygotsky alizaliwa Novemba 1896 katika mji wa Orsha na kukulia Gomel, miji ambayo leo iko Belarus. Enzi hizo ilikuwa chini ya mfalme wa Urusi. Wazazi wake walikuwa Wayahudi, na Wayahudi hawakuruhusiwa kuishi wala kusoma popote walipotaka. Chuo Kikuu cha Moscow kiliwatengea asilimia 3 tu ya nafasi. Mwaka 1913 kijana huyo alimaliza sekondari kwa medali ya dhahabu, lakini mwaka huo huo serikali ikaamua nafasi hizo zigawanywe kwa kura. Kwa bahati, kura ikamwangukia. Sisi wa Maziwa Makuu hatuhitaji kuelezwa maana ya mlango wa shule kufunguliwa au kufungwa kwa sababu ya asili ya mtu.

Alianza na udaktari kwa matakwa ya wazazi, kisha akahamia sheria. Sambamba na hayo alisoma katika chuo cha Shanyavsky, ambacho vyeti vyake havikutambuliwa na serikali. Mwaka 1917 alirudi Gomel, akafundisha shuleni na katika chuo cha ualimu. Hapo ndipo kifua kikuu kilipompata, na hakikumwacha tena.

Januari 1924 alihutubia mkutano wa wanasayansi mjini Petrograd. Wakati huo jina kubwa lilikuwa la Ivan Pavlov, aliyeonyesha jinsi mbwa anavyozoeshwa kudondosha mate anaposikia ishara ya chakula. Vygotsky hakupinga kwamba mazoea yapo, ila alishikilia kuwa fahamu za binadamu nazo lazima zichunguzwe. Wakubwa walivutiwa, wakamwita Moscow kwenye Taasisi ya Saikolojia.

Kwa miaka kumi iliyobaki alifanya kazi kama mtu anayejua siku zake ni chache. Alishughulikia pia watoto viziwi na vipofu. Alifundisha kuwa akili ya mtoto haikui peke yake kama mti wa porini, bali hukua kati ya watu, na chombo chake kikuu ni lugha. Jean Piaget wa Uswisi, waliyezaliwa mwaka mmoja, aliona kuwa mtoto kujisemesha peke yake ni dalili ya utoto ambayo hufifia. Vygotsky akasema haifi: inaingia ndani na kuwa fikra.

Fundisho lake linalojulikana zaidi ni hili. Watoto wawili wanapimwa, na wote wanaweza maswali ya umri wa miaka 8. Wakisaidiwa kidogo, mmoja anafika maswali ya miaka 12, mwingine ya miaka 9. Je, watoto hao wako sawa? Vygotsky alijibu kuwa hapana. Nafasi iliyopo kati ya anachoweza mtoto peke yake na anachoweza akisaidiwa ndiyo shamba la mwalimu.

Tangu nirejee nchini kutoka Tanzania nimeona mtoto aliyefika darasa la sita kwa Kiswahili akipewa karatasi ya Kifaransa, akashindwa, na kurudishwa la tatu. Karatasi ile ilipima Kifaransa chake, si akili yake. Mtoto huyo huyo, kwenye soko la mpakani kando ya mama yake, hubadilisha shilingi kuwa faranga bila kalamu. Nani alimfundisha? Mama alihesabu naye, kisha akamwachia ahesabu mwenyewe.

Vygotsky alifariki Juni 11, 1934. Kitabu chake kikuu, kuhusu fikra na lugha, kilitoka mwaka huo huo baada ya kifo chake. Mwaka 1936 chama tawala cha Kikomunisti kilipiga marufuku elimu ya makuzi ya mtoto aliyokuwa akishiriki, na kazi zake zikawekwa kando kwa miaka 20. Kitabu hicho kilichapwa tena mwaka 1956, na tafsiri ya Kiingereza ikafuata mwaka 1962. Leo anasomwa katika vyuo vya ualimu duniani kote.

Wazazi wenzangu, mtoto akirudishwa nyuma madarasa matatu, nendeni shuleni mkaulize alipimwa kwa lugha gani. Nanyi walimu, kabla ya kuandika kwamba hawezi, mkaeni naye swali moja, mjibu pamoja, kisha mumwachie la pili.