Joy Adamson kabla ya simba

Ukimtaja Joy Adamson hapa pwani, mtu atakwambia simba. Elsa, basi. Mimi naona tumemchukua nusu, na ile nusu tuliyoiacha ndiyo inayotuhusu zaidi, hasa ndugu zetu wa Garissa.

Alizaliwa mwaka 1910 Troppau, mji wa dola ya Austria wakati huo. Alisoma piano, akajifunza na uchongaji. Mwaka 1937 akapanda meli kuja Kenya, na humo melini akakutana na Peter Bally, mtaalamu wa mimea. Wakaoana, mume akawa anakusanya mimea, mke anaichora. Hapo ndipo mkono wake ulipozoea kazi ya makumbusho: jani lichorwe lilivyo, si unavyopenda liwe.

Ndoa haikudumu. Krismasi ya 1942 alikuwa Garissa, na pale ukingoni mwa Tana akakutana na George Adamson, bwana nyama wa mkoa ule wa mpakani wa kaskazini, ambao serikali ya kikoloni iliufunga na mtu haingii bila kibali. Walioana 1944.

Mwaka 1949 serikali ilimpa kazi ya kuchora watu wa Kenya na mavazi yao ya jadi. Ilimchukua miaka kama sita, akatoa mamia ya picha, na nyingi ziko Makumbusho ya Taifa Nairobi.

Sasa waungwana, fikirini kabati la makumbusho. Ndani mna kengele ya mbao ya ngamia, chanuo, mkeka, bangili ya mfupa. Kila kimoja kimefungwa kikaratasi chenye namba, na daftarini mna mahali kilipotoka na aliyekileta. Lakini namba haikwambii bangili ilivaliwa mkono gani, na bibi au na mwali. Tena mti huliwa na mchwa, ukindu hukatika, mfupa hupasuka kwa joto. Anayejua kusuka ukili hahitaji kuelezwa. Picha ya Joy inamwonyesha mtu na kitu chake kikiwa mwilini, mahali pake. Kwangu hiyo ni nusu ya daftari.

Nina neno naye, hata hivyo. Aliyemtuma alikuwa mkoloni, na mkoloni alitaka watu wa jadi tu. Kijana wa Garissa aliyevaa shati la duka siku hiyo hakuwa na nafasi mbele ya brashi yake. Anayeorodhesha leo akizisoma picha hizi kama ndivyo watu walivyovaa kila siku, atapotea.

Elsa alikuja 1956, kitabu kikatoka 1960, na umaarufu ukazifunika rangi. Joy aliuawa Shaba, Januari 1980, na aliyehukumiwa alikuwa mfanyakazi wake wa zamani. George naye aliuawa na majambazi huko Kora, ng'ambo ya Tana, Agosti 1989. Picha bado ziko Nairobi. Wazee wa Garissa wanaoweza kuvitaja kwa jina vyombo vilivyochorwa wanazidi kupungua, na sijasikia gari lililotumwa kuwafuata.