Mwenda Jean Bosco: mpiga gitaa wa Katanga aliyeigwa na wengi

Mwenda Jean Bosco alifariki Septemba 1990 katika ajali ya gari nchini Zambia. Zaidi ya miaka 30 imepita, lakini swali alilotuachia wakaaji wa Lubumbashi bado lipo: wimbo ukipigwa na kila mtu, mwenyewe ni nani?

Alizaliwa mwaka wa 1930 huko Bunkeya, makao ya mfalme Msiri, katika ukoo wa Bayeke. Ndiyo maana wengi walimwita Mwenda wa Bayeke. Alikulia wakati ambapo migodi ya shaba ilivuta vijana kutoka kila upande. Katika miji ya wafanyakazi lugha zilichanganyika, na muziki pia. Santuri za Cuba na za waimbaji wa Marekani zilisikika pamoja na nyimbo za vijijini. Gitaa lenyewe lilikuwa chombo cha kigeni.

Mwaka wa 1952, Hugh Tracey, mtafiti aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alimkuta Jadotville, mji tunaouita leo Likasi. Siku hizo ndipo Masanga iliporekodiwa. Kampuni ya Gallotone ya Afrika ya Kusini ikatoa santuri zake, na jina la kijana huyo likavuka mipaka.

Mwenda alitumia kidole gumba na cha shahada tu, lakini msikilizaji hudhani ni watu wawili wanaopiga pamoja. Gumba linashika njia ya chini, cha shahada kinaimba juu. Tena hakurudia wimbo ule ule kwa namna moja. Kila mara aliugeuza kidogo. Kwa hiyo aliyemwiga kutoka kwenye santuri alipata Mwenda wa siku moja tu. Mwaka wa 1961 na wa 1962, mtaalamu David Rycroft alichapisha uchunguzi mrefu kuhusu vidole hivyo.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, Mwenda alikaa kwa muda Nairobi na kupiga gitaa katika redio. Binamu yake, Edouard Masengo, naye alipata jina huko. Wapiga gitaa wa Kenya walisikiliza, wakajifunza, kisha wakatunga zao kwa lugha zao. Je, hao walikuwa wezi? Hapana. Walifanya alichofanya Mwenda mwenyewe alipochukua gitaa la wageni na kulifundisha kusema kama Katanga.

Wazee wetu walilijua jambo hili kupitia hadithi. Kalulu, sungura mjanja, hana mwenye hatimiliki. Kila bibi humsimulia, na kila bibi ana Kalulu wake. Lakini kijiji chote hujua ni nani anayemsimulia vizuri kuliko wengine, na jina lake hutajwa. Wizi unaanza pale jina linapofutwa, na faida ya kazi inapokwenda kwa mwingine.

Hapo ndipo maisha ya Mwenda yanapouma. Mwaka wa 1969 alipiga katika tamasha la Newport, Marekani, na baadaye akasafiri Ulaya. Hata hivyo gitaa peke yake halikumtosha: alifanya kazi benki na katika kampuni ya migodi, akaongoza kikundi cha muziki hapa Lubumbashi. Mwaka wa 1988 alirekodi tena huko Cape Town. Albamu hiyo ilitolewa Marekani mwaka wa 1994, yeye akiwa kaburini miaka minne.

Leo vijana wa studio za Lubumbashi wanachukua midundo kutoka simu zao, kutoka Lagos hadi Johannesburg. Wachukue, kama Mwenda alivyochukua. Ila waongeze cha kwao, na wataje walikotoa. Wakianza na Masanga, jina la kutaja wanalijua.