Derek Bryceson: Mkulima Aliyepigiwa Kura na Wananchi

Safari hii tunamkumbuka mkulima aliyeacha ngano yake akaingia katika siasa.

Derek Bryceson alizaliwa China mwaka 1922, wazazi wake wakiwa Waingereza. Katika Vita Kuu ya Pili alikuwa rubani. Ndege yake ilitunguliwa, akaumia vibaya, na tangu hapo alitembea kwa mkongojo. Hata hivyo alisomea kilimo Cambridge, akalima Kenya, kisha akahamia Tanganyika na kulima ngano huko Kilimanjaro Magharibi.

Mwaka 1958 serikali ya kikoloni ilileta kura tatu: kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Wengi katika TANU waliona ni mtego. Mkutano wa Tabora, Januari mwaka huo, nusura uvunje chama, na Zuberi Mtemvu akajitoa. Mwalimu Nyerere alishawishi wenzake waingie uchaguzini na kuwaunga mkono Wazungu na Waasia waliokubali usawa. Bryceson alikuwa mmoja wao. Huku kwetu Nyanda za Juu alikuwapo Lady Chesham wa Iringa. Mtego ukamnasa aliyeutega: waliosimama na TANU walishinda.

Kwa Bryceson haikuwa kazi rahisi. Walowezi wenzake wengi walitaka kulinda nafasi yao. Yeye alikubali kwamba nchi ni ya wenyewe.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961 alikuwa Waziri wa Afya na Kazi. Baadaye aliongoza Wizara ya Kilimo kwa miaka mingi. Mwaka 1965, katika uchaguzi wa jembe na nyumba, hapakuwa tena na kiti cha Mzungu. Alishindana na Mwafrika mjini Dar es Salaam, na wananchi wakamchagua yeye. Hapo ndipo ilipojulikana kwamba kura ya 1958 haikuwa ya kulazimishwa tu.

Mwaka 1972 alikabidhiwa uongozi wa Hifadhi za Taifa, ikiwemo Ruaha, jirani yetu. Mwaka 1975 alimwoa Jane Goodall, mtafiti wa sokwe wa Gombe. Alifariki Oktoba 1980 kwa kansa.

Wanafunzi mlioko shuleni, mnaposhika jembe msidhani ni adhabu. Mkulima huyu alipanda imani kwa watu, akavuna kura zao.